Maneno ya Q Yana Wenyewe

Miongoni mwa michezo ambayo vijana wetu wa pwani wameipokea kutoka ng'ambo na kuiweka kando ya bao, karata na dhumna za barazani, umo mmoja usiopiga kelele kama kabumbu wala kukusanya umati kama mashindano ya ngalawa, nao ni mchezo wa kupanga vibao vya herufi uitwao Scrabble, ambao mtu akiutazama kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ushindi wake hupatikana kwa kujua maneno marefu na mazito ya Kiingereza, ilhali mabingwa wake wote wanajua kwamba siri imo katika maneno mafupi, ya herufi mbili, tatu, nne au tano, na hasa yale yenye herufi adimu ambazo Mwingereza mwenyewe hazitumii katika mazungumzo yake ila kwa nadra.

Aliyeubuni, Alfred Butts, alikuwa msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi katika ule mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, akaketi na magazeti akahesabu herufi moja moja ili ajue ipi hutokea mara nyingi na ipi mara chache, na kwa hesabu hiyo akazigawia thamani, hata E ikapata vibao 12 vya pointi 1 kila kimoja, na Q ikapata kibao kimoja pekee chenye pointi 10. Taabu ya Q kwa Kiingereza ni kwamba haitembei bila U, na U zenyewe ni nne tu kati ya vibao 100, hivyo mchezaji aliyeangukiwa na Q mwishoni mwa mchezo bila ya kuwa na U hujikuta ameshika mali asiyoweza kuiuza. Ndipo wachezaji wakaitafuta katika kamusi ile jamii ndogo ya maneno mafupi ambamo Q husimama peke yake, wakayaandika katika orodha, na orodha hiyo leo ni faradhi kwa kila anayetaka kushindana, hata kabla hajaigusa bahari ya maneno zaidi ya 270,000 ambayo wachapishaji wa Collins wa kule Glasgow wameyaidhinisha kwa mashindano ya kimataifa.

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Mwaka 2015, mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nijeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huu kwa Kiingereza, na waliouchambua ushindi wa Wanaijeria walisema kwamba nguvu yao ilikuwa ni kuacha tamaa ya maneno marefu na kuyatumia mafupi kwa wakati wake. Miaka miwili baadaye mashindano makubwa ya chama cha wachezaji wa dunia yalifanyika Nairobi. Si ajabu basi kwamba mchezo huu umefika hata huku Mbegani, karibu na Bagamoyo, ambako jioni, wavuvi wanapotengeneza nyavu zao, utawakuta wanafunzi chini ya mwarobaini wakibishana kama neno fulani limo kamusini au halimo.

Mikononi mwa mmoja wao, kijana wa kidato cha tatu, niliiona orodha yenyewe. Ilikuwa nakala ya nakala, wino umefifia pembezoni na kona moja imelowa chai, na katika safu yake ya kwanza yalikuwamo maneno haya: qi, qat, suq, qadi, qaid, waqf, faqir, niqab, qanun, qibla, talaq, tariqa, qasida. Aliyasoma yote kwa moyo pasipo kutazama, kwa kasi ambayo sikuitarajia, nami nikampongeza, lakini nilipomwuliza "waqf" ni kitu gani, akanijibu kwa adabu kamili, "Shikamoo mzee, hilo lina pointi 19 kabla ya kuzidishwa, maana yake hatuulizwi." Na hesabu yake ilikuwa sahihi: W nne, A moja, Q kumi, F nne. Kijana huyo jina lake ni la Kiislamu, amehitimu juzuu kadhaa chuoni, na msikiti anaoswali Ijumaa unatunzwa kwa mapato ya minazi ambayo mtu mmoja wa zamani aliiweka wakfu.

Sheria ya mchezo, kwa insafu, iko upande wake. Mchezo huu hauulizi maana, na ithibati iliyo kubwa kuliko zote ni Nigel Richards wa New Zealand, ambaye baada ya kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza mara kadhaa aliikariri kamusi ya Kifaransa na mwaka 2015 akatwaa ubingwa wa wasemao Kifaransa, naye hawezi kuzungumza Kifaransa, kisha mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania. Ni kipaji cha kustaajabisha, wala mimi sina la kumlaumu, maadamu Kifaransa si lugha yake na Wafaransa hawakumtaka awe mwalimu wao. Lakini kijana wa Mbegani anayelikariri neno "waqf" kama mgeni asiyejulikana alikotoka, na akalionea fahari kwa kuwa limo katika kamusi ya Glasgow, hali yake ni kama ya mtu anayelipa nauli ya kuvuka Unguja ili akanunue dagaa waliovuliwa Mbegani. Hilo ndilo ninalolipigania katika makala haya: kwamba sehemu kubwa ya orodha ile ngumu, ambayo Waingereza na Wamarekani huisoma kwa jasho, ni msamiati wa kila siku wa pwani yetu, na kwamba mwalimu anayewagawia watoto wetu orodha hiyo bila ya kuwaonyesha jambo hili anawafundisha kuokota walichokidondosha wenyewe.

Na tuyatazame maneno yenyewe, kwa kuwa hoja ya namna hii haithibiti kwa ubishi mtupu.

"Waqf" ni wakfu, yaani mali ambayo mwenyewe ameifunga isiuzwe wala isirithiwe, asili yake ibaki na faida yake iende kwa msikiti, chuo, maskini au jamaa zake. Unguja jambo hili lilipata idara ya serikali tangu mwaka 1905, na mpaka sasa ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia nyumba na mashamba yaliyofungwa na watu waliokwisha kuwa mavumbi. Huku mwambao wa Mrima wakfu nyingi hazikuwa na daftari. Zilikuwa minazi, kisima, au kiwanja, na daftari lake lilikuwa vinywa vya wazee, ndiyo maana baadhi zimeliwa. Kiingereza kimelichukua neno, wala hakikupata la kwake linalolitosheleza, kwa sababu Mwingereza ana sadaka na ana wosia, lakini kitu hiki chenye asili iliyofungwa na tunda lililofunguliwa alikikuta kwa watu.

"Qadi" ni kadhi. Kenya imezitaja mahakama zake katika ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010, Zanzibar inazo kwa sheria, na huku Bara mjadala wa kuzirudisha umekwenda na kurudi kati ya Bunge na misikiti mpaka watu wameuchoka. Kwa hiyo hakuna mtoto asiyelisikia neno hilo redioni. "Talaq" ni talaka, na hilo halihitaji tafsiri kwa mtu aliyekulia katika nyumba za pwani. "Niqab" na "faqir" ni nikabu na fakiri. "Qasida" ni kasida, au kaswida kama wanavyosema watoto wa madrasa wanaoiimba kwa dufu siku za maulidi, ambao wengi wao hawana habari kwamba kitu wanachokiimba kina makazi katika kamusi ya Kiingereza.

"Qibla" lina jambo la ziada. Mtu akitoka Mbegani kwenda mjini Bagamoyo atapita Kaole, na pale, kati ya makaburi ya kale na mti wa mbuyu ambao wageni hupenda kuuzunguka, zimo kuta za msikiti ambao mwanzo wake wajuzi wa mambo ya kale wanaunasibisha na karne ya 13. Paa lake halipo, lakini mihrabu ingalipo, na mtu akisimama mbele yake na dira ya chombo mkononi ataona kwamba inatazama kaskazini karibu sawasawa, kwa kuwa Makka iko juu yetu takriban kwenye mstari mmoja wa longitudo. Kwa sababu hiyo wazee wetu, na hasa manahodha, walilitumia neno kibla kwa maana ya upande wa kaskazini hata walipokuwa hawazungumzii swala, na nahodha aliposema upepo unatoka kibla hakuna aliyedhani kwamba anahubiri. Kamusi ya Kiingereza inampa mchezaji pointi 16 kwa "qibla" na kumwambia kwamba ni mwelekeo wa Makka, basi. Haimwambii kwamba upo mwambao mmoja duniani ambako neno hilo liliwahi kushika kazi ya dira.

"Tariqa" ni twarika, na kwa neno hili Bagamoyo ina haki kuliko miji mingi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20 Kadiria, twarika iliyonasibishwa na Sheikh Abdulkadir Jilani wa Baghdad, ilienea pwani yote na kuingia bara kwa njia zile zile za misafara, na mmoja wa masheikh wake wakubwa kabisa katika nchi hii alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah wa Bagamoyo, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Asili yake ilikuwa mashariki ya Kongo. Aliletwa pwani akiwa mtoto, na akaletwa mtumwa. Mtu aliyeingia Bagamoyo kwa mlango huo akafika kuwa khalifa ambaye waungwana na watumwa wa jana walikaa mbele yake katika halaka moja ya zikri, akafa mwaka 1931 akiwaachia watu chuo na wanafunzi, na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, akaushika ukhalifa baada yake. Na maulidi ya Bagamoyo yaliyokuzwa na nyumba hiyo yaliwavuta watu kutoka pande nyingi za nchi. Sasa neno lenye historia ya namna hii katika mji wetu, je, ni haki kijana wa mji huo huo alijue kwa pointi zake tu? Mimi nasema hasha.

Huenda msomaji wa mjini akasema kwamba ninayachagua ya dini ili nipate kuhubiri. Basi tuje sokoni na ngomani. "Suq" ni soko, lile lile ambalo kila alfajiri hunadi samaki ufukweni Bagamoyo karibu na jengo la forodha la Wadachi, na Kiingereza kinalo kwa sura zaidi ya moja, maana mwingine huliandika "souk". "Qat" ni mirungi kwa Watanzania na miraa kwa Wakenya, jani ambalo kulitafuna Nairobi ni starehe na biashara halali, na kukutwa nalo Bagamoyo ni kesi. Uingereza nayo iliipiga marufuku mwaka 2014, ijapokuwa neno lenyewe halikupigwa marufuku juu ya bao, na mpaka leo mchezaji wa London aweza kulitua mezani bila ya kuitwa na polisi. Na "qanun" ni kanuni, ile ala ya taarabu ya Unguja yenye umbo la ubao uliokatwa pembe moja, yenye nyuzi zaidi ya 70 zilizofungwa tatu tatu, ambayo mpigaji huilaza mapajani au mezani na kuidonoa kwa kucha za bandia zilizovikwa vidoleni. Ajabu yake ni kwamba kanuni ya taarabu na kanuni ya sheria ni neno moja, lililotoka kwa Wayunani likapitia kwa Waarabu, na Kiingereza kimelipokea mara mbili bila ya kutanabahi, mara kwa "canon" ya makanisa na mara kwa "qanun" ya nyuzi.

Sitaki kudai kisicho changu. Orodha ile haikutoka Uarabuni yote. "Qi" ni pumzi au nguvu ya uhai katika elimu ya Wachina, "qin" ni zeze lao, na hata "mbaqanga", neno refu kidogo ambalo mtu angelidhania la Kimrima kwa mwanzo wake, ni muziki wa Afrika Kusini. Lakini mtu akiyapanga yale ya mwanzo, yale ambayo kila mwanafunzi wa mchezo huanza nayo, ataona kwamba pwani ya Waswahili inayatambua mengi kwa sura na kwa jina.

Hapa ndipo linapotokea swali la imla, ambalo limewagawa wenye rai nusu kwa nusu. Kwa nini Kiingereza kina Q na sisi tuna K? Jawabu ni kwamba Waingereza wa zamani nao hawakuwa na Q hiyo. Waliandika "cadi", "kiblah", "wakf", "fakir" na "talak", kila mtu kwa sikio lake, mpaka wanazuoni wa lugha za Mashariki waliposhikilia kwamba herufi ya qafu ya Kiarabu iwe na alama yake mbali na kafu, wakaipa Q. Na kamusi, kwa desturi yake ya kutotupa kitu, zikaweka sura zote pamoja. Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwandishi wa Bagamoyo alipoandika barua ya biashara aliiweka qafu mahali pake na kafu mahali pake. Kisha wakaja wamisionari na herufi zao: Krapf Mombasa, Steere Unguja, na hapa hapa Bagamoyo, katika misheni ya mapadre Wafaransa iliyoanzishwa mwaka 1868, Padre Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris miaka mingi baada ya yeye kuondoka pwani, mwaka 1939 na kuendelea. Sacleux alikuwa na sikio la ajabu, na aliyeifungua kamusi yake atakiri kwamba hakuna sauti ya lahaja zetu iliyompita bila ya kuiwekea alama. Lakini serikali za kikoloni hazikutaka alama. Zilitaka vitabu vya shule. Mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 na ule wa Mombasa wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji ulifuatwa na Kamati ya Lugha ya nchi nne, iliyoanza kazi mwaka 1930 na katika miaka yake ya mwanzo ikawa haina mjumbe Mwafrika hata mmoja. Kwa imla iliyokubaliwa katika zama hizo, Q na X hazikupata nafasi, na C ikabaki kwa ajili ya ch peke yake.

Wapo hata leo wanaolalamika kwamba hiyo ilikuwa dhuluma, na kwamba Kiswahili kirudishiwe Q ili neno kadhi lijulikane ukoo wake. Chuki yao juu ya kamati isiyokuwa na mwenye lugha ndani yake ninaielewa na ninaishiriki, lakini dai lenyewe silikubali. Msikilize mtoto wa chuo: mbele ya mwalimu wake anaitoa qafu kutoka kooni kabisa, bila ya hitilafu, kwa kuwa kosa lake lingeharibu kisomo, akishatoka nje na kumwita mwenzie, atasema kadhi, kasida na talaka kwa k nyepesi ya Kiswahili, wala hajioni kuwa amekosea, kwa kuwa hakukosea. Na lugha yetu haikuwa zuzu hata ikachanganya mambo. Mwarabu akiuchanganya moyo na mbwa, kwa kuwa tofauti ya majina yake mawili iko katika qafu na kafu, ataleta aibu. Lakini washairi wetu wa zamani waliuita moyo kalbi, na mbwa wakamwita kelbu, wakakitenga kwa irabu kile ambacho Mwarabu anakitenga kwa koo. Kazi hiyo ilifanywa na Waswahili kabla kamati haijazaliwa, na kamati haikufanya ila kuandika ilichokikuta.

Hasara ya kweli ya Q, nikiambiwa niitaje, sikuiona katika lugha bali katika makaratasi: mtu aliyeandikwa Kassim katika cheti cha kuzaliwa na Qassim katika kitambulisho, ambaye huzungushwa ofisi hadi ofisi kwa kiapo cha kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Nirudi kwenye bao. Kiingereza hakikuchukua ya Q tu kutoka kwetu au kupitia kwetu. Mumo humo kamusini yamo mzee, bwana, ngoma, panga, askari, uhuru na matatu, na mchezaji wa Toronto ambaye hajawahi kuona basi la Nairobi huweka "matatu" mezani kwa raha zake. Yamo pia maneno ya herufi mbili yaliyofanana na yetu kwa sadfa tu: "za" kwao ni mkato wa jina la chakula cha Kitaliani, "ka" ni roho katika imani ya Wamisri wa kale, "la" ni sauti katika muziki, nasi hatuwezi kusema sentensi tatu pasipo za, ka na la. Sadfa hizo ni za kuchekesha, si za kujengea hoja.

Lakini bao lenyewe, kama lilivyouzwa duniani, halikutengenezwa kwa ajili yetu, na si kosa la Butts, ambaye alihesabu gazeti la kwao. Katika vibao 100 vya Kiingereza K iko moja tu na ina pointi 5. Mswahili anayetaka kuandika "kaka" kwa seti hiyo lazima akodi kibao kitupu, na anayetaka kuandika "kukokotoa" atavimaliza vibao vitupu vyote viwili. Herufi A, ambayo ndiyo mama wa maneno yetu, ina vibao 9, navyo havitoshi hata robo ya mchezo; mtazame msomaji "Mahakama ya Kadhi", herufi 15 ambazo sita ni A. Na mwisho wa maneno yetu ni irabu, hivyo kila neno linaachia mlango wazi kwa neno jingine, jambo ambalo lingefanya mchezo wa Kiswahili uwe mwepesi kuunganisha na mgumu kushinda, na kwa rai yangu mtamu kuliko wa Kiingereza. Kazi ya kuhesabu herufi za magazeti ya Kiswahili na kuzigawia pointi kwa haki si kazi kubwa katika zama za kompyuta. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aweza kuifanya likizoni. Iliyo ngumu ni kukubaliana juu ya maneno: je, kila umbo la kitenzi lihesabiwe, anapika, anapikia, wamempikia, au mzizi tu? Hapo wajuzi wa Baraza la Kiswahili la Taifa wanahitajika, kwa kuwa lugha inayojenga sentensi nzima ndani ya neno moja haiwezi kuchezwa kwa sheria za lugha isiyofanya hivyo.

Mpaka siku hiyo ifike, ombi langu ni dogo, na ninalielekeza kwa walimu wa Kiingereza wa Bagamoyo, Mbegani, Kaole na mwambao wote hadi Saadani na Pangani. Orodha za maneno mafupi zitaendelea kukaririwa, kwa kuwa mashindano yanazidai na vijana wanazipenda, nami sitaki zichanwe. Lakini mwalimu asigawe karatasi kabla hajaandika ubaoni, upande wa kushoto, wakfu, kadhi, kibla, twarika, talaka, kasida, soko na kanuni, akawauliza wanafunzi maana zake, akawasikiliza wakizieleza kwa mifano ya nyumbani kwao, na kisha upande wa kulia akawaandikia sura ambazo Mwingereza ameyavalisha maneno hayo hayo. Somo hilo halizidi nusu saa. Mwanafunzi atatoka nalo na tahajia ya Kiingereza, na maana ambayo mshindani wake wa ng'ambo hana. Na wale watakaolichapa bao la Kiswahili, wakati wowote watakapojaaliwa, wasisahau kuipa herufi K pointi 1.